MIKONO YASEMA, NASI TWAPIGA MAKOFI TU



Mjadala ulioanza muhula uliopita haujaisha. Umetoka darasani, umefika bwenini, sasa uko hata kwenye foleni ya githeri: je, katika tamasha lijalo la muziki tucheze ngoma ya Kihindi ama tuiache? Wapo wanaosema ichezwe, kwa sababu huvutia waamuzi, na shule za upande wetu huu wa kiangazi zinazothubutu kuicheza ni chache. Wapo ndugu zetu wa Umoja wa Wakristo wanaoshikilia kwamba ile ni ibada ya miungu, kwa hivyo mwanafunzi aliyeokoka akae kando. Kisha wapo wale wa “mwacha mila ni mtumwa”, ambao wakishatamka methali hiyo huketi wakapiga miayo kana kwamba kesi imekwisha. Nimezisikiliza pande zote tatu na nasema bila kuuma maneno: wote wanabishana juu ya ngoma wasiyoitazama. Wanatazama nguo, wanatazama njuga za miguuni, wanatazama wanja. Hawatazami mikono. Na ngoma hiyo iko mikononi.

Hebu tuanze hapo. Ngoma inayozungumziwa hapa shuleni inaitwa Bharatanatyam, na asili yake ni Tamil Nadu, kusini mwa India. Si ngoma ya kurusharusha mikono ovyo. Kipo kitabu cha kale, Natya Shastra, kinachokadiriwa kuwa na umri wa miaka 2000 hivi, ambacho hueleza mwili mzima wa mchezaji: shingo, macho, mpaka nyusi. Kipo kingine, Abhinaya Darpana, ambacho wachezaji wa Bharatanatyam hukitegemea sana kwa habari za mikono. Humo imetajwa mitindo 28 ya mkono mmoja, na ishirini na kitu ya mikono miwili. Kila mtindo una jina, na kila jina lina orodha ya matumizi yake. Mwanafunzi huko huikariri orodha hiyo kama sisi tunavyokariri ngeli, na pengine kwa machozi yaleyale.

Jaribu mwenyewe hapo ulipo. Nyoosha vidole vinne vikiwa vimeshikana, kisha kunja gumba kidogo ubavuni. Huo ni mkono wa pataka, maana yake bendera. Kwa mkono huo mmoja mchezaji ataonyesha mawingu ya mvua, msitu, usiku, mto, mawimbi, upepo, mbalamwezi, jua kali, kufunga mlango, kukataza jambo, na mengine mengi. Orodha yake inapita 30. Utauliza: sasa mtazamaji atajuaje kwamba huu ni mto wala si usiku? Atajua kwa namna mkono unavyotembea, mahali ulipo, macho yanakoelekea, na maneno ya wimbo unaoimbwa. Si ajabu hata kidogo. Sisi tuna neno “kaa”. Kuna kaa la moto, kuna kaa wa pwani, kuna kaa kitako, na hakuna Mswahili aliyewahi kukalia makaa kwa sababu hiyo. Muktadha ndio unaoamua.

Sasa inamisha vidole vitatu vya kati, uache gumba na kidole cha mwisho vimesimama. Mwanafunzi wa hapa akikuona atadhani unamwambia “nipigie simu”. Huo ni mrigashirsha, kichwa cha swala, na masikio yake ni hayo. Tandaza vidole vyote kama vinavyofunguka kutoka kitovu kimoja: alapadma, yungiyungi lililochanua. Laza kiganja kimoja juu ya mgongo wa mwingine, gumba zitoke pembeni na zichezecheze kama mapezi: matsya, samaki. Huyo wa mwisho angeeleweka hapa Kiambere bila mkalimani, maana bwawani kwetu kila kijana anajua ngege huogeleaje.

Lakini nisije nikawadanganya kwamba kila mkono katika ngoma ile una neno ndani yake. La hasha. Wao wenyewe hutofautisha. Kuna sehemu iitwayo nritta ambayo ni uzuri mtupu wa mwendo na mapigo. Mikono humo hupamba tu, haisimulii. Kuna nritya, ambapo mikono, macho na uso husimulia. Nalisema hili kwa sababu kuna mwenzangu aliyenipinga katika mkutano wa chama akidai kwamba “mikono mingine ni pambo”. Ni kweli, ni pambo. Ila mchezaji wa kule anajua sasa ni pambo na sasa ni neno. Wetu hajui. Hapo ndipo penye kisa.

Nilikuwapo katika tamasha moja ambapo shule moja (sitaitaja) ilicheza ngoma ya namna hii. Walijifunza kutoka kwenye simu, video ya dakika chache, wakirudiarudia mpaka kila mtu akapinda anapopinda mwenzake. Usahihi wa ajabu! Mwamuzi aliposimama alisifu usafi wa mavazi, tabasamu na safu zilizonyooka. Juu ya mikono hakusema hata silabi. Kulikuwa na mahali wachezaji wote waliinua mikono upande wa kulia wa mdomo, vidole vikichezacheza kama wanaopuliza filimbi. Baadaye nilimwuliza mmoja wao mpiga filimbi yule alikuwa nani. Akanitazama kama niliyeuliza swali la hesabu saa ya kula. “Hiyo ni staili tu,” akasema.

Si staili tu. Mpiga filimbi katika ngoma ile ni Krishna, ambaye Wahindu humwabudu. Kwa hivyo binti wa watu, pengine binti wa mchungaji, alisimama mbele ya ukumbi mzima akamwigiza mungu wa watu wengine kwa vidole vyake, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemweleza anachokisema. Fikirini mngefundishwa kutamka sala ya Kiarabu ama ya Kilatini kama kasuku, mkaambiwa ni wimbo wa kuchangamsha mkono wa uji. Mngekasirika, au la?

Hapo ndugu zetu wa Umoja wa Wakristo watapiga makofi, lakini wangoje kwanza. Mimi siwaungi mkono moja kwa moja. Ngoma ile kweli ililelewa hekaluni, na wanawake waliokuwa wakiicheza, devadasi, walihesabiwa kuwa wametolewa kwa hekalu. Wakati wa ukoloni walidharauliwa mno, na mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku desturi ya kuwaweka wakfu. Ngoma yenyewe haikufa. Rukmini Devi Arundale, ambaye hakutoka katika familia hizo, aliifikisha katika majukwaa ya mji na mwaka 1936 akaanzisha shule ya Kalakshetra. T. Balasaraswati, ambaye yeye ndiye damu ya familia hizo, alibishana naye vikali kuhusu kile kilichopunguzwa njiani. Wote wawili walikuwa mabingwa, na walibishana wakijua kila kidole kinasema nini. Kwa hivyo mwenye kukataa kucheza kwa ajili ya imani yake nitamheshimu, mradi akatae akijua. Anayesema “ni shetani” ilhali hawezi kutofautisha yungiyungi na samaki, huyo hajakataa kitu, ameogopa tu.

Tena kuna jambo katika ngoma ile ambalo hata mchungaji angelipenda. Kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, mchezaji huinama akagusa ardhi, kisha macho yake, akiiomba radhi kwa kuikanyaga. Na viganja viwili vikikutanishwa, yaani anjali, huwa ni salamu yenye vyeo: juu ya kichwa kwa miungu, mbele ya uso kwa mwalimu, kifuani kwa watu wenye elimu. Walimu wetu mnaosoma, nadhani hamtachukia tukiipitisha hiyo ya pili.

Kuna na hili la kusema “ngoma ya Kihindi” kana kwamba Wahindi wote hucheza ngoma moja. Wahindi waliokuja kujenga reli yetu kati ya 1896 na 1901 walikuwa karibu 32,000. Wengi wao walirudi kwao na baadhi walifia kazini. Wahindi wa Kenya kwa sehemu kubwa chimbuko lao ni Punjab na Gujarat, mbali sana na Tamil Nadu. Ukienda Nairobi wakati wa sherehe za Navratri utakuta garba, watu wakizunguka duara wakipiga makofi, na dandiya ya kugonganisha vijiti. Wapunjabi nao wana bhangra ya mabega na mikono juu, ngoma ya wakulima wakati wa mavuno. Hizo ndizo ngoma za majirani zetu hasa, watu ambao mwezi wa Julai 2017 serikali iliwatangaza kuwa kabila la 44 la Kenya. Kumchezea jirani ngoma ya watu wa mbali, kisha umwambie “tumecheza yenu”, ni kama mtu aje Kiambere acheze isikuti ya Waluhya atuambie ametuheshimu Wambeere.

Sasa niwageukie hawa wa mila, maana wao ndio wanaonisumbua zaidi. Wanasema tucheze zetu. Vyema. Mikono yetu inasema nini?

Kimya.

Nimewauliza wengi. Watakuimbia wimbo wote, watakuonyesha mabega na kiuno, lakini ukiuliza kwa nini mkono umegeuzwa hivi na si vile, hakuna jibu. Si kwamba jibu halipo. Hatuulizi. Katika darasa la fasihi simulizi tunaandika “fanani hutumia ishara za mwili”, tunapata alama yetu moja ya karatasi ya tatu, tunafungua ukurasa mwingine. Tukitumwa nyanjani tunarudi na maneno ya wimbo na jina la mwimbaji. Mikono tunaiacha kijijini.

Na mikono ya huku kwetu si bubu. Muulize nyanya yako mjukuu wake wa mjini amefika urefu gani. Hatalaza kiganja hewani. Atakielekeza juu, vidole vikitazama mbinguni, kwa sababu kiganja kilicholala hupima mbuzi, na mtoto ukimlazia kiganja ni kama umemfunika asikue. Ukiwa shambani, boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Unakunja ngumi ndipo unaelekeza. Kaburi vilevile: tulipokuwa wadogo, aliyelinyooshea kidole kwa bahati mbaya alikiuma kidole hicho haraka kabla hakijamletea balaa. Mtoto akiweka mikono yote miwili kichwani hupigwa konzi, maana hiyo ni mikono ya msiba na yeye anauita. Ukimpa mzee kitu, mkono wa kushoto hushika kigasha cha ule wa kulia. Mtu mzima haitwi kwa kidole kimoja kilichokunjwakunjwa. Hicho ni cha kuitia mbwa, na hata mbwa wengine hukataa.

Je, hiyo si orodha? Inapungukiwa na kitu kimoja tu ambacho Wahindi wanacho: mtu wa kuiandika.

Nimekuwa nikijiuliza pia kama Kiswahili chenyewe hakijaiandika kidogo bila sisi kujua. Mtu aliyeshika shavu kwa huzuni tunasema “ameshika tama”. Jina kamili la mkono! Mchoyo tunamwita mkono wa birika. Kidole cha pili tunakiita cha shahada kwa sababu Mwislamu hukiinua anapoishuhudia imani yake. Ishara imegeuka kuwa jina la kiungo, na Mkristo wa Embu analitumia kila siku bila wasiwasi wowote. Lugha yetu imejaa mikono kuliko tunavyodhani.

Pwani ndiko walikojua kuitumia. Katika lelemama, wanawake wa Mombasa na Zanzibar husimama kwa safu, na uzuri wote huwa katika mwendo wa polepole wa mikono, si katika kuruka. Kwenye taarab, mwanamke akinyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji, ile noti huwa ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni wakati aliouchagua katika wimbo, mkono alivyouinua na upande aliouelekeza, na aliyekusudiwa huelewa na moyo ukampasuka, ilhali hakuna aliyetaja jina. Mwalimu akituambia fumbo ni maneno tu, nitamwomba aongeze vidole.

Wazee wetu wa miaka ya tisini nao hawakuhitaji somo. Mwaka 1991, FORD ilipodai vyama vingi, vidole viwili vilivyoinuliwa barabarani vilikuwa hotuba nzima. Kidole kimoja kilikuwa cha KANU. Nimesimuliwa na watu wazima kwamba wakati ule ulifikiria mara mbili kabla ya kumpungia rafiki mkono sokoni, asije mtu akahesabu vidole vyako. Sidhani kuna mtu aliyewahi kuita ile “staili tu”.

Na wapo Wakenya ambao mikono kwao si ngoma wala siasa, ni lugha yao ya kila siku. Katiba ya 2010 imetaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na inaitaka serikali iikuze na kuilinda. Kaaga, Meru, si mbali sana nasi, kuna shule ya viziwi. Chama chetu cha Kiswahili kimewahi kuwaalika washairi na waandishi. Sijasikia tukialika mtu mmoja wa kutufundisha hata salamu kwa ishara. Nadhani mwanafunzi aliyejifunza lugha hiyo kwa muhula mmoja hangeweza tena kucheza ngoma yoyote, yetu ama ya Wahindi, akairusha mikono kama anayefukuza nzi.

Sasa, kwa kuwa hii ni makala ya maoni na si ya kulalamika, natoa langu. Ngoma ya Kihindi tucheze, kwa sharti moja: kila mchezaji aweze kusimama mbele ya jopo la chama na kueleza kila mkono, upi ni pambo na upi ni neno, na neno gani. Atakayefika mahali pa mungu wa watu na dhamiri yake ikakataa, aruhusiwe kukaa kando bila kuitwa mwoga. Kama hatuwezi kumpata mwalimu anayeijua, basi tusicheze kabisa, kombe ama hakuna kombe. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini hapa hata kuuliza hatujauliza.

Na sharti hilohilo liwe kwa ngoma yetu. Hapa nasisitiza, maana ndipo wakati unapotukimbia. Bwawa la Kiambere lilipokamilika mwaka 1988 familia nyingi zilikuwa zimehama kuyapisha maji. Watu waliokuwa wakicheza pamoja kando ya mto Tana wakajikuta mmoja yuko huku, mwingine kule, na mabinti wa wakati ule sasa ni nyanya zetu. Wimbo unaweza kuukumbuka peke yako jikoni. Mkono wa kujibiwa na mkono wa mwenzako huwezi kuucheza peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa. Likizo hii kila mwanachama aende na daftari kwa mzee mmoja wa kwao, achore mkono mmoja tu, aandike jina lake kwa lugha ya mama, nani huutumia, wakati gani, na ni nani haruhusiwi kuutumia. Asiyejua kuchora apige picha. Wanachama 40 wakifanya hivyo, muhula wa kwanza tutafungua na mikono 40. Inapita ile 28 ya kitabu cha Wahindi, ingawa najua mingi itakuwa ni ileile ya boga.

Mkutano wa kuamua uko Ijumaa ya pili baada ya kufungua shule, saa kumi jioni, katika ukumbi wa kulia. Watakaonipinga waje wanipinge kwa hoja. Ila wakitaka kunionyesha mbele ya watu, wakunje ngumi kwanza, nisije nikaoza.